Githeri Iliyoiva La Paz

Baba Imani,

Natumaini kifua chako kimeshazoea huo mlima, maana habari ninayokuletea inataka pumzi.

Unakumbuka siku ile ya theluji hapa Crescent Town, Toronto, umekalia kiti cha Imani, kompyuta ya kazini magotini, unanionyesha picha za La Paz, mji ulio juu milimani? Nyumba ya vyumba vitatu kwa kodi ambayo haikupi hata chumba cha chini ya ardhi kule Brampton. Mlo wa mchana sokoni, supu na nyama, kwa bei ya kikombe cha kahawa cha Toronto. "Kazi yangu ni ya mtandaoni," ukasema. "Miezi sita tu, Mama Imani, tuweke akiba tununue nyumba." Nikakufungia mahindi na maharagwe makavu ya githeri kwenye sanduku, mke mjinga mimi. Kampuni yako ikadhani bado uko hapa, na mimi nikakutunzia huo uongo.

Wiki ya kwanza ulinipigia ukilia njaa. Githeri imechemka tangu asubuhi na bado inagonga meno. "Maji yanachemka upesi lakini hayaivishi kitu. Huku juu kuna nini?" Nilicheka mpaka nikakaa chini. Nikakwambia huko juu ni sufuria ya presha tu. Ukakataa, ukasema italipuka. Kweli, miaka tisa ya ndoa, sufuria yangu ya presha ikianza kulia ulikuwa unatoka jikoni.

Halafu mwezi wa tatu ukaniambia, kwa sauti ya mtu aliyeshiba, "Siku hizi githeri inaiva vizuri." Kupikia presha hukujifunza peke yako. Nilipokuuliza nani anakupikia, ukasema mtandao unasumbua.

Miezi sita imekuwa miaka miwili. Nafanya zamu mbili kwenye nyumba ya wazee ili nilipe kodi uliyoikimbia. Imani unamjua, huelewa Kiswahili akajibu kwa Kiingereza. Sasa haulizi habari zako kwa lugha yoyote, na hilo silisamehe.

Juzi ukanipigia simu mbiombio. Kampuni imeshtukia wafanyakazi waliojificha nchi za watu, inatuma barua za kusainiwa majumbani. Isiyopokelewa, mwenyewe hana kazi. "Saini tu, useme nimetoka kidogo. Fanya kwa ajili ya mtoto." Kwa ajili ya mtoto, Baba Imani? Una uso mkavu wewe.

Tarishi alikuja jana saa tano, nikiwa napika. Akauliza kama unaishi hapa. Nilipangusa mikono nikamwambia ukweli: hapana, anaishi La Paz, ni mwaka wa pili huu. Akaandika kwenye bahasha, akaondoka nayo. Nimefurahi, nisikudanganye. Nilikula nikashiba, nikalala usingizi wa mchana kama mtu aliyetua gunia.

Uliniambia maisha ya huko ni rahisi. Yalikuwa rahisi kwa mshahara wa Toronto. Sasa nenda sokoni bila huo mshahara, uniulizie bei. Na huyo anayekupikia, mwambie ukweli kabla hajaloweka maharagwe ya kesho, tuone kama bado ataifunga sufuria akupikie.

Wazee husema aliye juu mngoje chini. Ukishuka, usije kwetu. Kwa tarishi huna anwani hapa, na kwangu pia huna.

Aliyekuwa mkeo,
Mama Imani