Pigo la Kufungia

Misunkumilo, Alhamisi, Julai 1996

Tena mbele ya wanafunzi wangu wa ngoma! Kila wiki nawaletea mdundo mpya niliourekodi redioni. Leo Zakaria, kiongozi wa kwaya, kawaambia kwamba mdundo wa wiki hii kaugundua yeye, na Jumapili ataupiga mwenyewe mbele ya askofu.

"Wewe dada utatushikia vitabu," akaniambia. Wakacheka.

"Sawa, mwalimu," nikamjibu.

Hajui kwamba kaseti yangu iliisha kabla ya mdundo kwisha. Pigo la kuwasimamisha wachezaji wa kwaya nililitunga mimi, na nilipanga kulifundisha kesho. Sifundishi tena.

Nawahurumia wachezaji. Watazunguka mpaka jasho liwatoke, wakisubiri pigo asilolijua Zakaria.

Akigeuka kunitafuta, mikono yangu itakuwa imejaa vitabu.