Mguu Uliopimwa kwa Tepu ya Suruali

Dada yangu mkubwa,

Shikamoo. Watoto hawajambo? Na shemeji, mgongo umemwachia? Mimi mzima, nakula, nalala, na ukisikia nimekonda usiamini, ni kioo cha bafu la hapa ndicho chembamba. Barua hii nampa mwenzangu wa chuo, anapanda ndege kesho. Simu yako bado mbovu, na ile ya nyumbani anayo Baba, unamjua, anaweka sauti kubwa mpaka mbuzi wa jirani wanapata habari zangu. Kwa hiyo isome peke yako, na uache kupika kwanza.

Huku asubuhi ni darasani. Mwalimu anaongea kama anakimbizwa, nakamata neno moja, matatu yananipita. Mchana nakwenda kufanya mafunzo kwenye karakana ya miguu ya bandia. Miezi minne ya kwanza kazi yangu ilikuwa kukoroga plasta na kufagia. Msimamizi wetu tumempa jina Mama Milimita, maana hata akikusalimia unahisi anakupima. Mgonjwa akija anamvika kikombe, yaani pale kinapoingia kigutu, kipande cha mguu kilichobaki baada ya kukatwa, anamtembeza, anamvua, anaangalia ngozi imekuwa nyekundu wapi, anakikwangua kikombe kidogo kwa tupa, anamvika tena. Mara sita, mara saba! Nikawa nasema moyoni, huyu mama anapenda kujichosha tu. Si unanijua? Redio ya babu niliifungua nina miaka tisa na ikaimba. Hata kuunda kikombe nilijifunza mwenyewe kwa video za kwenye simu, wao hawajaanza kunifundisha.

Sasa mguu wa Baba. Hujawahi kuniuliza ulipatikanaje, na nilishukuru hukuuliza. Nilimwomba Baba vipimo, akajipima mwenyewe kwa tepu yake ya kushonea, akaniandikia mzunguko wa kigutu juu, katikati na chini, safi kama vipimo vya bwana harusi. Nikauunda kwa plastiki iliyobaki, kila wenzangu wakienda kula, siku kumi na moja. Mwanafunzi aliyekuwa anarudi nyumbani akaubeba sandukuni, ameuviringishia mashati. Siku ile Baba alipouvaa mlipiga simu wote, Mama anapiga vigelegele, Baba anasema leo anakanyaga cherehani kwa miguu miwili na mshono hauendi tena kama mlevi. Nililia, dada. Nilijiona profesa.

Jumapili iliyopita tukawa tunapiga soga kwa simu, nikamsifu Baba kwa vile vipimo. Akacheka, akasema yeye si fundi wa jana, kila kipimo alikiongezea inchi moja, kwa sababu nguo isiyo na nafasi humkaba mwenyewe, na mguu nao unataka kupumua.

Nilikaa sakafuni. Suruali ikipwaya unakaza mkanda, basi. Kikombe kikipwaya kinasugua, kila hatua kinasugua, na Baba ana sukari.

Nikamwambia auvue. Akasema kila fundi huogopa kazi yake ya kwanza, halafu ameshajaza vitambaa, umekaa sawasawa. Nikamsihi tena. Akasema nitulize moyo, si nilisema mkubwa wangu wa kazi aliukagua?

Hapo, dada. Hapo ndipo. Mama Milimita hakuukagua. Hakuwahi kuuona. Sikuwa na ruhusa ya kuunda mguu wa mtu yeyote, niliwadanganya ili mfurahi bila wasiwasi. Na Jumapili mdomo ulifunguka niseme ukweli, nikasikia cherehani inakwenda, kra-kra-kra, nikajibu ndiyo Baba, aliukagua. Nimedanganya mara ya pili nikijua.

Jana nilimweleza Mama Milimita yote. Nilingoja anifukuze. Akaweka tupa chini akauliza kitu kimoja tu, mzee anasema kigutu kinamuuma? Nikachangamka, nikasema hata kidogo, anashinda nao kutwa. Akafumba macho. Akaniambia mtu wa sukari anaweza kuchubuka mpaka nyama asihisi kitu, na tukichelewa watakata tena, juu ya goti. Akasema avuliwe leo hii. Nimvue vipi nikiwa huku, dada? Kwa mikono ipi?

Nenda wewe. Usibishane naye, atakuzungusha kwa mizaha yake. Mkalishe mwangani, umvue, toa vile vitambaa vyote, tazama mpaka chini kabisa. Ukiona kidonda, hospitali siku hiyo hiyo. Kisha mwambie mwongo ni mimi. Mimi nimejaribu, sauti haitoki.

Mama nisalimie sana, watoto wabusu, shemeji mpe pole ya mgongo. Baba nimeongea naye sasa hivi. Ametembea mpaka sokoni na kurudi bila kupumzika, na ameniapia kwamba hasikii maumivu popote.

Mdogo wako,
Kitindamimba