Bolti za Kayaki ya Kumtafutia Nzomo

Mama Nzomo,

Nimekwenda Kibwezi kununua bolti. Chai ya watu wa kanisa wanaotusaidia kutafuta imo kwenye chupa kubwa; tafadhali wapelekee mtoni.

Usimruhusu Kitheka arudi majini kabla sijafika. ~~Mwambie aache kabisa kuutafuta mwili wa kaka yake.~~ Mwambie anisubiri.

Ulifunga mlango wa chumba kabla sijamaliza kueleza. Asubuhi Kitheka aliingia mtoni na kayaki, ule mtumbwi mdogo wa plastiki, nasi tukaishikilia kutoka ukingoni kwa kamba iliyofungwa kwenye pete ya mbele. Mto Athi ulipoivuta, pete iling'oka pamoja na skrubu zake. Kitheka aliponea kwenye tawi la mkuyu. Jana tuliifunga pete hiyo kama tufungavyo komeo la mlango, kwa skrubu za mbao, na plastiki nyembamba haizishiki. Inataka bolti ipenye hadi ndani, washa pana, kile kibati cha duara chenye tundu, upande wa pili ili mvuto usambae, na nati isiyolegea kwa kutikiswa.

Uliniambia, "Baba Nzomo, mwanangu yuko majini, na wewe unakwenda kuchagua skrubu." Jibu nimelipata sasa, nikiwa nimesimama mezani na viatu mguuni: Nzomo hawezi tena kuumia. Kitheka bado anaweza.

Ufunguo wa stoo umo mfukoni mwangu. Kayaki imo ndani. Akiiulizia, mwambie ni mimi niliyeifungia.

Baba wa Nzomo na Kitheka