Jenerali Aliyesalimu Amri

Mjukuu wangu Rehema,

Hapa mtaani Najma, huku ughaibuni, sote wazima, na mjomba wako Salim sasa ni dereva mji wa jirani, Lusail. Unataka kujua, kabla ya mdahalo wenu shuleni, kama yule jenerali Mwingereza wa karne ya kumi na nane alikuwa mwoga.

Mimi simpendi hata kidogo. Cheo cha kwanza alikinunua, ndiyo desturi yao, kisha akavuka bahari kuwapiga watu waliokataa kutawaliwa. Alipozingirwa, chakula kikiisha, akasalimu amri ili askari wake wasife bure. Kwao wakamcheka hadi kaburini.

Nilipokuwa mlinzi kijana hapa, tulipangwa juani getini kumsubiri mkubwa wa kampuni. Mwenzetu mmoja akaanza kuyumba. Kiongozi wetu, Okello wa Uganda, akasema, "Ingieni kivulini, jamani."

"Afande, utapoteza cheo!" mmoja wetu akamwonya.

"We kichwa ngumu, cheo kitamnywesha maji huyu?"

Mkubwa alimkuta peke yake, akamvua utepe begani palepale.

Kwenye mdahalo, mlaumu jenerali kwa vita alivyoviendea, si kwa siku aliyoviacha. Okello walimhamishia geti la nyuma. Sisi tulikuwa tunazunguka njia ndefu makusudi, tukampigie saluti.

Babu yako