Karatasi ya Jumatatu

Mdogo wangu Elibariki,

Nimetoka Kikwe sasa hivi, na matope ya shamba la mama bado yako kwenye viatu vyangu. Nakuandikia kabla sijavivua, maana nikivivua nitapika, nikimaliza kupika nitasahihisha madaftari, na barua hii nitaiahirisha tena kama nilivyofanya miaka yote.

Unamkumbuka baba na mvua? Jirani akipita na habari kwamba mvua ziko karibu, tupande maharage, baba hakunyanyuka kwenye kigoda. "Nani kasema? Kasema lini?" Tulikuwa tukimwigiza nyuma ya zizi, wewe umevaa koti lake linaburuza chini, mimi ndiye jirani. Siku moja ulicheka mpaka ukamwaga maziwa, nikachapwa mimi kwa sababu ndimi mkubwa. Niliona ni uonevu mtupu.

Uliponipigia simu shuleni kutoka Msumbiji ilikuwa Jumatano. Ulisema bahari imechafuka, watu wanazungumzia kimbunga, na kila mtu ana lake. "Dada, wewe ndiye mwalimu wa jiografia. Kuna lori linaondoka kesho kwenda bara, nafasi ipo. Nipande, au nibaki na mzigo wangu wa vitenge?" Nikakuambia upige tena kesho saa nne, nitakuwa nimeulizia.

Niulizie wapi? Redio zilikuwa zimeshakuwa nyingi, siyo ile moja ya enzi za baba. Moja ilisema kimbunga kinakuja Dar es Salaam, nyingine ilipiga muziki tu, na kwenye chumba cha walimu mtu aliapa kwamba Mlima Meru utalipuka. Jioni nikaenda mjini kwenye duka lenye intaneti. Mwenye duka akasema laini inasumbua, ila picha ya kimbunga anayo, alishaihifadhi kwenye kompyuta. Akanichapishia. Ilikuwa na rangi nzuri: duara jeupe mbali baharini, na mshale unaoelekea kusini, mbali na wewe. Niliikunja nikaitia kwenye pochi, nikajiona mjanja kuliko redio zote za Arusha.

Saa nne ulipiga. "Kinageuka," nikakuambia. "Baki na mzigo wako."

"Sawa, dada. Ukisema wewe, basi."

Ijumaa kimbunga kilifika kwako, ukuta wa ghala lenye mzigo wako ukakuangukia. Wenzako walikuzika huko huko.

Tarehe ilikuwepo juu ya ile karatasi, kwa herufi ndogo. Ilikuwa ya Jumatatu. Nawafundisha watoto kusoma ramani, namkata alama asiyeandika skeli, na tarehe sikuitazama.

Msibani mama aliniuliza kama tulizungumza. Nikamjibu, mbele ya mchungaji na majirani, kwamba nilikuambia upande lori ukakataa. Tangu siku hiyo mama anakuita mbishi. Hakutaji bila kuongeza, "Angemsikiliza dada yake." Nami nimekaa mezani kwake, nimekula ndizi zake, nimenyamaza. Nilikuponza, halafu nikakusingizia. Najichukia kwa hilo la pili kuliko la kwanza.

Leo nimempelekea karatasi. Nimemwambia yote nikiwa nimesimama, kiti nimekikataa. Macho yake hayasomi tena, lakini aliishika muda mrefu, akaigeuza huku na huku.

"Nani alikupa?"

"Mwenye duka, mama."

"Ya lini?"

"Jumatatu."

"Na mwenzio ulimwambia lini?"

"Alhamisi."

Hakulia. Aliitia ndani ya Biblia, palipo na picha yako, akaniambia niondoke kabla mvua haijaanza. Hakunisindikiza. Nilipokuwa nafunga geti nilimsikia kule migombani, pale tulipoweka msalaba wenye jina lako.

"Nisamehe, mwanangu," alikuwa akisema. "Kumbe ulimsikiliza."

Pumzika, Elibariki. Mbishi hukuwa.

Ni mimi,
Dada yako