Baiskeli za Mwalimu na Mkewe

Hamugembe, Bukoba

Kwako mke wangu Mwanaidi,

Assalaam alaykum. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na miguu ya mama imepata nafuu. Watoto je, kikohozi kimewaachia? Mimi mwili hauna neno, ila moyo umejaa wivu, na nimeona heri nikwambie wewe kuliko kukaa nao.

Wiki iliyopita walikuja karakanani kwetu mwalimu mstaafu wa Muleba, mzee Deogratias, na mkewe mama Justina. Gari lao lilikuwa linavuta trela dogo lenye kijumba: kitanda, jiko, hata pazia. Nyuma kabisa walikuwa wamefunga baiskeli mbili. Wanazunguka kuwatembelea watoto wao, na wakifika kijijini wanaliacha gari na kupanda baiskeli. Lakini safari hii, kwenye mteremko, trela liliyumba huku na huku nusura liwatupe mtaroni.

"Ni baiskeli, waitu," alisema mama Justina, maana Wahaya wakikuheshimu hukuita hivyo. "Zinakandamiza nyuma, mbele kunakuwa kwepesi. Zihamishie mbele."

Nikamgeukia mumewe. Akacheka. "Usiniangalie mimi. Dereva ni yeye."

Nikachomelea chuma cha kubebea juu ya mkono wa trela, ule wa mbele unaoshikana na gari, tukageuza na usukani wa baiskeli ili zisigonge gari kwenye kona. Kisha wakaniomba tufuatane hadi Muleba kulijaribu. Trela lilitulia kabisa. Mimi ndiye sikutulia. Nilikaa kiti cha nyuma nikimtazama mzee akimenya chungwa na kumlisha mkewe kipande kimoja kimoja huku mama akiendesha. Mwanaidi, hakuna tajiri aliyewahi kunitia wivu ule.

Muleba wakashusha baiskeli wakaenda kumsalimu shemeji yao, mimi nikabaki kulinda trela. Kitandani kulikuwa na mito miwili. Nikafunga mlango nisiione. Waliporudi, mama alikuwa ameanguka, goti linatoka damu, na wote wawili wanacheka mpaka machozi. Mzee akapiga magoti kumwosha. Hapo nikashindwa kujizuia.

"Kwa umri huu mnatafuta nini barabarani? Si mtulie nyumbani?"

Mama akanijibu bila hasira: "Nyumbani nimekaa peke yangu sana, mwanangu. Huyu alikuwa anafundisha Dar, akiniambia nisubiri apate nyumba ya kutosha. Nilizaa watoto wanne. Ubatizo alioufikia ni wa wawili tu."

Nikaomba radhi, nikapanda basi kurudi. Njia nzima nilikuwa nasikia sauti yangu mwenyewe kwenye simu, ikikwambia subiri kwanza nijenge.

Nilipofika nilipitia kwa mwenye nyumba, nikachukua chumba cha pili. Hakina dari, na mvua ya huku ikipiga bati hamsikilizani. Baridi nayo si ya Tanga, beba mablanketi. Lakini kitanda cha watoto kinaenea.

Nisalimie mama mkwe, na dada yako mshonaji; mwombe akae na mama. Kaka yangu dereva mpe salamu zangu, awafikishie mizigo stendi.

Usinijibu kwa barua, Mwanaidi. Nijibu kwa kushuka kwenye basi.

Mumeo,
Hashimu