Sifuri ya Baiokemia

Jumatatu, 1 Juni 2009

Stima imepotea tena pale saiba, kwenye kompyuta za kulipia. Somo lilikuwa limefunguka nusu, picha ya ini ikabaki bila sehemu ya chini. Zuhura mwenye saiba akasema, "Vumilia dadangu, jenereta haina mafuta." Nimevumilia tangu Januari. Nikarudi kazini kliniki kufua mashuka.

Mtihani wa mwisho wa baiokemia, huko huko mtandaoni, ni Alhamisi. Nikipata B, ile shule ya uuguzi kule Marekani inanichukua Agosti. Nikikosa, nafasi anapewa mwingine. Kakangu Mutua ameshatangazia kiwanda kizima cha Athi River kwamba dadake anaenda ng'ambo. Mdomo wake huo!

Jumatano, 3 Juni

Nimekariri sura yote ya sukari kwenye kitabu. Yote, mpaka koma. Naosha beseni nikiisema, nakoroga uji nikiisema. Hivyo ndivyo tulivyofunzwa. Kidato cha tatu, ukibadilisha neno moja la maelezo ya mwalimu, ni fimbo. Mimi sikuchapwa hata siku moja.

Alhamisi, 4 Juni

Stima ilikuwepo. Zuhura alifukuza vijana wa gemu ili wasinipigie kelele. Na swali la sukari likaja! Niliandika bila kusimama. Nimepita. Najua nimepita.

Jumanne, 9 Juni

Sifuri.

Si D. Sifuri. Mwalimu wa mtandaoni anasema nimeiba. Ati kompyuta yao imelinganisha jibu langu na kitabu, ikapata ni sawa neno kwa neno, kwa hivyo nilikuwa na kitabu mezani. Kitabu gani? Kitabu kilikuwa kliniki, ndani ya kabati, na kufuli juu.

Huku kwetu ukitoa kitabu chote kichwani unapigiwa makofi. Kwao wewe ni mwizi. Nimelia mbele ya wateja wa saiba kama mtoto. Zuhura amefunga mlango, akawaambia waliobaki nje warudi baadaye. Nina hasira.

Jumatano, 10 Juni

Mutua amepiga simu. Hakuuliza kama niko sawa. Ameuliza yeye atawaambia watu nini. Nikamwambia awaambie kwa sauti ileile aliyotangazia safari. Nikakata.

Nimemwandikia mwalimu. Nipigie simu, nitakusemea sura nzima bila kitabu. Zuhura amenisaidia kufuta matusi kwenye barua.

Ijumaa, 12 Juni

Amepiga. Nilikuwa nyuma ya kliniki naanika nguo. Nikamwaga sura yote, mwanzo mpaka mwisho, shuka begani. Halafu akasema anaamini sikuiba.

Kisha akaniuliza kitu kimoja. Mgonjwa wa sukari, damu yake imejaa sukari. Mbona mwili wake unaona njaa? Nieleze kama unamweleza jirani yako.

Nikaanza ile aya. Akanikatiza: kwa maneno yako. Nikaanza aya ileile tena. Aki, hakukuwa na kingine kichwani. Wazee walisema asiyejua maana haambiwi maana, na mimi niko na sura nzima mdomoni. Akasema pole. Kukariri peke yake si jibu, sifuri inabaki.

Namchukia. Yule wa fimbo namchukia zaidi. Alinipa alama zote, miaka yote, na hakuniuliza hata siku moja kama nimeelewa.

Jumatano, 17 Juni

Shule imeandika. Nafasi imepewa mwingine. Mistari miwili tu, wa pili wa kunitakia heri.

Zuhura amenipikia chai ya tangawizi, akasema Mungu ndiye mpangaji. Mungu gani anapanga sifuri? Chai nimeinywa.

Jumapili, 21 Juni

Kanisani wameniuliza naondoka lini. Mutua bado hajawaambia watu. Nikasema bado kidogo. Sirudi huko karibuni.

Jumanne, 23 Juni

Kliniki imejaa vumbi na watu. Bibi mmoja mzee wa Katangi amepimwa, ana ugonjwa wa sukari. Daktari amemrushia Kiingereza, akaenda zake. Bibi akanishika mkono, akasema: Mwiitu, binti yangu, sukari yenyewe naionja Krismasi, na nimekonda mpaka rinda linaanguka. Hiyo sukari nyingi imetoka wapi? Na mbona nasikia njaa kila saa?

Nikamuuliza, susu, nyanya yangu, mahindi ya msaada si yamejaa stoo ya chifu? Akasema yamejaa, panya wamenona. Na nyumbani mnalala njaa? Tunalala njaa, mwenye kugawa hajaja.

Basi ndiyo hivyo, nikamwambia. Hata ugali unaokula unageuka sukari mwilini. Damu yako ni ile stoo. Mwenye kugawa ndani ya mwili ndiye hayuko, kwa hivyo sukari inajaa pale na mwili unalala njaa. Dawa inakuja kufanya kazi yake.

Akacheka mpaka kitambaa kikateleza. Akasema kumbe! Na dawa atameza, kwa sababu ile stoo ya chifu ndiyo haina dawa.

Nikabaki nimesimama na beseni. Hilo ndilo jibu alilolitaka yule mwalimu wa mtandaoni. Lote, kwa maneno yangu. Na sasa hakuna wa kumpigia simu.

Nikamfunga bibi kitambaa vizuri, nikamwita mgonjwa anayefuata.